Mshona nguo aliyebuni tangi la kioo, na viluwiluwi unaoweza kuwafuga kwako

UKIINGIA kwenye kliniki ya meno, hoteli kubwa au duka la simu jijini, si ajabu ukute tangi la kioo lenye samaki wa rangi ya dhahabu wakizunguka polepole. Unawatazama dakika mbili tatu, unapiga picha, unaiweka kwenye stetasi, halafu unaendelea na shughuli zako.

Lakini hebu jiulize: nani alianza mambo haya? Nani alikuwa wa kwanza kuleta kipande cha bahari ndani ya nyumba, akakizungushia kioo na kukaa hapo siku baada ya siku kuona viumbe wanavyoishi?

Kama ulidhani ni profesa mzee mwenye ndevu, umekosea. Ni mwanamke aliyetoka kijijini, hakukanyaga chuo kikuu, na kazi yake ya kwanza mjini ilikuwa kushona nguo. Jina lake ni Jeanne Villepreux-Power. Alizaliwa Septemba 1794, akafariki Januari 1871.

Soma hadi mwisho, manake hii si hadithi ya kukaa tu na kuistaajabia. Kuna kazi ya mikono hapa. Alichofanya Jeanne miaka karibu 200 iliyopita, wewe unaweza kukifanya kwa tangi dogo na viluwiluwi watano wa chura, hata kama unaishi kwenye chumba kimoja.

ZAIDI YA KILOMITA 400 KWA MIGUU

Jeanne alizaliwa Juillac, kijiji kidogo katika eneo la Corrèze, Ufaransa. Ulikuwa wakati wa vurugu. Mapinduzi yalikuwa yamemng'oa mfalme na kumkata kichwa, na nchi ilikuwa haijatulia. Familia yake haikuwa na mali. Alijifunza kusoma na kuandika, na hapo ndipo masomo yake yalipoishia. Kwa msichana wa kijijini enzi hizo, hicho tu kilikuwa bahati.

Alipofika umri wa miaka 18, alifunga virago akaelekea Paris kutafuta kazi. Alienda kwa miguu. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Ili upate picha, fikiria mtu anatoka Nairobi akitembea kuelekea Mombasa, anavuka Voi, na bado anaendelea kutembea.

Wanaosimulia maisha yake husema kwamba ndugu wa ukoo aliyepewa jukumu la kumlinda njiani ndiye aliyemgeukia na kumdhulumu. Ilibidi Jeanne atafute hifadhi mji mwingine kabla ya kuendelea na safari. Alipofika Paris akiwa amechelewa, nafasi ya kazi aliyoahidiwa ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine.

Wengi wetu tungerudi nyumbani. Jeanne hakurudi. Alizunguka akapata kazi ya kumsaidia mshona nguo mmoja wa mabibi wa jiji, akaanza chini kabisa.

GAUNI LILILOMFUNGULIA NJIA

Mikono yake ilikuwa na kipaji. Mwaka 1816 kulikuwa na harusi kubwa Paris. Binti mfalme Marie-Caroline, kutoka ufalme wa Sicilia Mbili uliotawala kusini mwa Italia, alikuwa akiolewa na Mtawala wa Berry, mpwa wa mfalme wa Ufaransa. Jeanne alihusika katika kushona na kutarizi gauni la bibi harusi huyo.

Gauni lile lilimpa jina mjini. Katika kipindi hicho alikutana na James Power, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa na shughuli zake kisiwani Sicily. Mwaka 1818 wakaoana mjini Messina, na Jeanne akahamia huko.

Sasa fikiria hali yake. Ana miaka 23. Ana nyumba nzuri, mume mwenye pesa, na hahitaji tena kushona ili ale. Angeweza kabisa kukaa roshani akinywa kahawa na kupiga gumzo na wake wa matajiri wenzake. Badala yake, alianza kusoma.

Alijifundisha mwenyewe elimu ya viumbe. Hakuwa na mwalimu wala darasa. Alisoma vitabu, akazunguka kisiwa kizima cha Sicily akikusanya mimea, vipepeo, makombe ya baharini na mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Alichora na kuandika kila alichokiona. Baadaye alitoa vitabu vya kumwongoza msafiri kisiwani humo, kimoja mwaka 1839 na kingine mwaka 1842, vikieleza mazingira na viumbe wa Sicily.

PWEZA ALIYEWASUMBUA WASOMI

Messina ni mji wa bandari kwenye mlangobahari mwembamba unaotenganisha Sicily na Italia bara. Maji yake yana mikondo mikali inayoleta kila aina ya kiumbe karibu na ufuo. Mmoja wao alikuwa pweza wa ajabu aitwaye agonauti.

Ukiwa umetoka Lamu au Mombasa, pweza unamjua vizuri, hasa akiwa kwenye mchuzi wa nazi. Lakini agonauti si pweza wa mwambani. Huyu huelea kwenye bahari zenye joto, ikiwemo hii Bahari yetu ya Hindi. Jike wake hubeba kombe jeupe, jembamba kama karatasi, lililojikunja kwa urembo. Ndani ya kombe hilo hutunza mayai yake.

Kombe hilo lilikuwa limezua ubishi wa miaka na mikaka. Mwili wa agonauti haujashikamana na kombe. Anaweza kutoka nje, tofauti kabisa na konokono. Kwa hiyo baadhi ya wasomi wakubwa wa Ulaya waliamini kwamba agonauti ni mwizi: kwamba hulikuta kombe la kiumbe mwingine na kuhamia humo, kama afanyavyo yule kaa wa ufuoni anayeishi ndani ya kombe la konokono aliyekufa. Wengine walisema hapana, analitengeneza mwenyewe.

Kulikuwa pia na imani ya kale, tangu zama za Wagiriki, kwamba mikono yake miwili yenye utando mpana ni matanga. Ati huinua matanga hayo juu ya maji na kusafiri kama jahazi.

Wasomi walibishana kwa miaka mingi, lakini shida ilikuwa moja. Wengi wao walikuwa wakichunguza agonauti waliokufa, waliohifadhiwa kwenye chupa za pombe kali. Maiti haiwezi kukuonyesha inavyojenga nyumba.

Jeanne aliona kwamba dawa ya ubishi huo ni kumtazama agonauti akiwa hai, tangu anapotoka kwenye yai. Swali likawa: utamtazamaje kiumbe wa baharini aliye mwoga, anayejificha akiona kivuli cha mtu, na anayekufa ukimtoa majini?

AINA TATU ZA TANGI

Mwaka 1832 Jeanne alibuni vifaa vitatu.

Cha kwanza kilikuwa tangi la kioo la kukaa ndani ya nyumba, lililojazwa maji ya bahari. Cha pili kilikuwa chombo cha kioo kilichowekwa ndani ya kizimba, ambacho kingeweza kuzamishwa baharini na kuinuliwa tena ili aone kilichomo. Cha tatu kilikuwa kizimba kikubwa cha viumbe wakubwa zaidi, kilichotiwa nanga baharini kwenye kina anachotaka.

Usinielewe vibaya. Watu walikuwa wakifuga samaki tangu kale. Wachina walifuga samaki wa dhahabu kwenye vyungu na madimbwi karne nyingi kabla yake. Tofauti ni kwamba ukitazama chungu kutoka juu unaona mgongo wa samaki tu. Jeanne alitaka kuona kwa ubavuni, kila saa, na kuandika alichokiona. Tangi lake lilikuwa chombo cha utafiti kabla halijawa pambo la sebuleni.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuvaa glavu za hariri. Ilikuwa ni kusafirisha maji ya bahari, kubadilisha yaliyochafuka, kuwalisha viumbe, kuwapoteza wengine na kuanza upya. Alifanya hivyo kwa miaka.

JIBU LINAPATIKANA

Alichokiona kilimaliza ubishi. Agonauti wachanga hutoka kwenye mayai bila kombe lolote. Baadaye, jike anapokua kidogo, huanza kulijenga mwenyewe. Ile mikono miwili yenye utando, iliyodhaniwa kuwa matanga, ndiyo mashine ya ujenzi. Hutoa majimaji yanayoganda na kuwa kombe.

Jeanne hakuishia hapo. Alivunja vipande vya makombe ya agonauti waliokuwa hai, akangoja. Wakafungua utando wao, wakalifunika tundu, wakaziba palipovunjika. Mwizi wa nyumba hawezi kukarabati ukuta kwa mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo kombe ni lake.

Matokeo hayo yaliwasilishwa kwenye Akademia ya Gioenia mjini Catania katikati ya miaka ya 1830, na akademia hiyo ikampokea kuwa mwanachama, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwanamke. Mwaka 1839 Richard Owen, mmoja wa wataalamu wakubwa wa wanyama nchini Uingereza, aliiwasilisha kazi yake kwa Chama cha Zuolojia cha London. Wapo waliokuwa wakimpinga au kutaka sifa ziende kwingine, lakini ushahidi ulikuwa upande wake. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa mwanachama wa akademia zaidi ya kumi Ulaya.

Ona kilichomsaidia. Hakuwashinda wasomi wale kwa vitabu vingi kuliko vyao. Aliwashinda kwa kukaa mbele ya kioo muda mrefu kuliko wao.

SASA NI ZAMU YAKO: VILUWILUWI

Kufuga pweza wa baharini jijini Nairobi au Nakuru ni mzigo mzito. Lakini kuna kiumbe mwingine mwenye siri ya kuonekana kwa macho, na hahitaji maji ya chumvi: kiluwiluwi wa chura.

Kwanza tusichanganye mambo, maana lugha yetu inawaita viluwiluwi hata watoto wa mbu. Wa mbu ni wembamba kama uzi, huning'inia chini ya uso wa maji na kuchezacheza kwa kushtuka. Wa chura ana kichwa cha mviringo na mkia bapa kama wa samaki. Ukileta nyumbani wa mbu, wenzako wa ploti hawatakusamehe.

Tangi. Huhitaji kitu cha bei. Beseni la plastiki linaloonyesha ndani linatosha. Ukitaka kioo, fundi wa vioo atakukatia vipande vitano na kuviunganisha kwa gundi ya silikoni. Iache gundi ikauke siku kadhaa, kisha lijaze maji na uliache kutwa kucha uone kama linavuja. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 20 lina uzito wa kilo 20 kabla hujahesabu kioo na mchanga, kwa hivyo usiliweke juu ya kimeza kinachoyumba.

Maji. Hapa ndipo wengi huua viluwiluwi wao siku ya kwanza. Maji ya mfereji ya mjini hutiwa klorini ya kuua vijidudu, na klorini hiyo huwaumiza viumbe wenye mashavu ya kupumulia majini. Yaweke maji kwenye beseni pana bila kifuniko kwa saa 24 au zaidi kabla ya kuyatumia. Maji ya mvua pia ni mazuri, lakini usikinge yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kutu za mabati.

Chini weka mchanga uliooshwa hadi maji yatoke safi. Ongeza mawe machache na mmea wa majini. Liweke tangi mahali penye mwanga, ila si kwenye jua kali la dirishani. Maji machache kwenye kioo hupata moto haraka, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Viluwiluwi wenyewe. Tafuta dimbwi la mvua linalokauka, mtaro wa uani kwenu au shamba la nyanya. Chota wachache tu: watano au sita kwa lita 10 za maji wanatosha. Wakibanana, maji huchafuka na hao hao huanza kufa mmoja mmoja. Usichote ndani ya mbuga, msitu wa serikali au hifadhi yoyote. Huko kutoa kiumbe bila kibali ni kosa.

Chakula. Viluwiluwi wa aina nyingi za vyura hula mimea wakiwa wadogo. Chemsha kipande cha mchicha, spinachi au sukuma wiki hadi kilegee, kiache kipoe, uwape kipande cha ukubwa wa kucha. Kesho yake toa kilichobaki kabla hakijaoza. Mkate usiwape, unaharibu maji upesi.

Usafi. Mara mbili kwa wiki toa robo ya maji na uongeze mengine yaliyokaa. Usibadilishe yote kwa mpigo. Ukisikia harufu mbaya au uone wote wanakuja juu kuhema, maji yamechafuka, yabadilishe mara moja. Funika tangi kwa chandarua ili mbu wasitage humo. Nawa mikono kwa maji matupu kabla ya kuigusa kazi hii, manake mafuta ya kujipaka na sabuni huwadhuru, halafu nawa kwa sabuni ukimaliza.

TAZAMA MKIA

Sasa fanya kama Jeanne. Chukua daftari. Kila siku saa ile ile, andika tarehe, joto la siku, idadi yao, wamekula nini, na kipi kipya umekiona. Piga picha kwa simu ukitaka, lakini andika pia.

Kwa wiki kadhaa utaona mwili unanenepa tu, utachoka, utadhani hakuna kinachoendelea. Kisha siku moja, pale mkia unapoanzia, vitatokea vijiti viwili. Hiyo ni miguu ya nyuma. Baada ya muda mikono ya mbele nayo inachomoza. Wakati huo huo, ndani ya mwili usikoona, mapafu yanachukua kazi ya mashavu, na utumbo mrefu wa kusagia majani unafupika, kwa sababu chura ni mla nyama.

Na hapa kuna swali la kukupa kazi. Uliza watu mtaani mkia wa kiluwiluwi huenda wapi. Wengi watakuambia hukatika ukaanguka. Wewe usibishane nao. Hesabu viluwiluwi wako, tafuta mikia chini ya tangi kila asubuhi, na pima urefu wa mkia kwa rula ukiwa umeishikilia nje ya kioo.

Hutapata mkia hata mmoja uliokatika. Utauona ukifupika siku baada ya siku, hadi unabaki kinundu, hadi unaisha. Mwili wenyewe unauyeyusha na kuutumia kama akiba. Ndiyo maana katika siku hizo kiluwiluwi huacha kula. Usishtuke na usimrundikie sukuma.

Ila kuna jambo moja la lazima. Mikono ya mbele ikitokea tu, weka jiwe la mteremko linalotoka juu ya maji, na upunguze kina. Chura mchanga anapumua hewa. Akikosa pa kupanda, atazama humo humo kwenye tangi ulilomjengea kwa upendo.

Baada ya hapo atahitaji wadudu wadogo walio hai, na hiyo si kazi rahisi kwenye nyumba ya kupanga. Mrudishe pale pale ulipomtoa, jioni kukiwa na unyevu. Usimpeleke mto mwingine au kaunti nyingine, na maji ya tangi usiyamwage kwenye kijito. Kuna ugonjwa wa ukungu wa ngozi ambao umeangamiza aina nyingi za vyura duniani, na watu kuwahamisha vyura huku na huko ni mojawapo ya njia zilizousambaza.

MELI ILIPOZAMA

Turudi kwa Jeanne, maana maisha yake hayakuishia kwenye makofi.

Mwaka 1843 yeye na mumewe waliondoka Sicily. Makusanyo yake ya miaka mingi, maandishi na michoro aliyoifanya kwa mkono wake, vilipakiwa melini kupelekwa London. Meli hiyo ilizama. Sehemu kubwa ya kazi ya zaidi ya miaka 20 ikaenda chini ya bahari ile ile aliyokuwa akiichunguza.

Siku hizo hakukuwa na picha ya simu wala nakala mtandaoni. Kilichoandikwa kwenye karatasi moja kikizama, kimezama. Kilichomwokoa asifutike kabisa ni kile alichokuwa tayari amekichapisha na kukituma kwa wengine. Barua, ripoti na vitabu vyake vilikuwa mikononi mwa watu Catania, London na Paris. Kwa hivyo lile daftari lako la viluwiluwi, lipige picha na umtumie rafiki.

Baada ya hapo Jeanne aliishi kati ya London na Paris. Aliendelea kuandika, lakini hakufanya tena utafiti mkubwa kama ule wa Messina.

Wakati huo matangi yalianza kuwa mtindo. Uingereza ilifuta kodi ya vioo mwaka 1845, na bei ya vioo ikashuka. Mwaka 1850 mwanakemia Robert Warington alieleza jinsi mimea, samaki na konokono wanavyoweza kusaidiana kuweka maji safi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilicholieneza neno akwariamu, na familia za London zikakimbilia kununua matangi. Sifa nyingi zikaenda kwa wanaume hao.

Kuna ambaye hakusahau. Owen, yule yule aliyewasilisha kazi yake, mwaka 1858 alimtambua Jeanne kuwa mama wa utunzaji wa viumbe kwenye matangi.

KIJIJINI TENA

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, na majeshi ya Prussia yakaizingira Paris. Jeanne, akiwa mzee wa miaka 76, aliondoka jijini na kurudi Juillac, kijiji kile kile alichokiacha kwa miguu akiwa binti wa miaka 18. Huko ndiko alikofariki Januari 1871.

Kwa zaidi ya miaka 100 watu wachache walilijua jina lake. Kisha mwaka 1997 shimo kubwa lililo kwenye sayari ya Zuhura likapewa jina la Villepreux-Power. Shimo hilo lilionekana kwenye picha za chombo cha angani Magellan. Kwa hivyo leo jina la mshona nguo wa Juillac liko kwenye ramani ya sayari nyingine, na kazi yake iko kwenye kila tangi la kioo unalopita bila kuligeukia.

Mvua za masika zikianza Machi, vyura watapiga kelele usiku kucha na madimbwi yatajaa mayai. Una muda wa kutosha kumtafuta fundi wa vioo, kuosha mchanga na kununua daftari. Ukiona mkia wa kwanza unaanza kufupika, andika tarehe.